Kwa Nini Afisa wa Watoto Huchelewa Kufika

Lalamiko moja husikika karibu katika kila baraza la chifu Kaunti ya Kilifi, iwe Bamba, Marafa au Mtwapa. Watu waliripoti, afisa wa watoto hakuja. Au alikuja, akaandika kwenye daftari, akaondoka, na mtoto akabaki palepale. Au alimchukua mtoto, na wiki mbili baadaye mtoto akaonekana kwa nyanya yake kijiji cha pili bila jirani aliyeripoti kuelezwa lolote. Baada ya hapo baadhi ya wakazi hukata shauri kwamba kupiga ripoti ni kujitafutia uadui wa bure.

Mengine ya malalamiko hayo ni ya haki. Lakini mengi hutokana na kutojulikana kwa mambo yanayotendeka kati ya simu ya kwanza na uamuzi wa mwisho. Mkazi huona mwanzo na huona mwisho. Katikati hapaoni, na hapo katikati ndipo kazi ilipo.

Kwanza lifahamike jambo ambalo huwachanganya wengi. Afisa wa watoto si mfanyakazi wa Serikali ya Kaunti. Anaajiriwa na Serikali ya Kitaifa chini ya idara inayosimamia huduma za watoto. Polisi pia ni wa Serikali ya Kitaifa, na vilevile walimu wa shule za msingi na sekondari. Kwa upande wake, Jedwali la Nne la Katiba limeipa kaunti hospitali, zahanati, elimu ya chekechea na vituo vya kulelea watoto wadogo. Hivyo mtoto mmoja aliyeumizwa anaweza kupita mikononi mwa serikali zote mbili kwa siku moja: mwalimu wa kitaifa amgundue, daktari wa kaunti ampime, polisi wa kitaifa aandike taarifa, mhudumu wa afya ya jamii wa kaunti amfuatilie nyumbani. Mtoto hajui mipaka hiyo wala haimhusu. Ila kila mpaka ni mahali ambapo faili inaweza kulala.

Saa zinavyohesabika

Tuchukue mfano. Msichana wa miaka 13, katika kijiji kilicho ndani kutoka barabara ya Kilifi kwenda Bamba, hajaonekana shuleni tangu Jumatatu. Jumatano mwalimu anamwuliza mdogo wake, naye anajibu kwamba dada ni mgonjwa na mama amemkataza kutoka nje. Mwalimu anampigia simu mjitoleaji wa ulinzi wa watoto wa eneo hilo. Mjitoleaji anakwenda kwa miguu, anamkuta mtoto ameketi nyuma ya jikoni, na kwa maneno machache anaelewa kwamba Jumamosi usiku, watu walipokuwa kwenye disco matanga, mtoto alinajisiwa na mtu mzima wa boma hilohilo.

Hadi hapo hakuna ofisi iliyochelewa. Lakini saa zimekwenda. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya Ukimwi zinapaswa kuanza ndani ya saa 72 tangu tukio, na kadiri zinavyoanza mapema ndivyo zinavyofaa zaidi. Kwa mtoto huyu saa hizo zilikwisha Jumanne usiku, mama yake akiwa bado anatafakari atamwambia nani. Dawa ya dharura ya kuzuia mimba hutolewa ndani ya saa 120, kwa hivyo bado ipo nafasi, lakini ni ya siku moja tu. Mtoto pia ameoga mara kadhaa na nguo zake zimefuliwa zikaanikwa, maana hivyo ndivyo mama yeyote angefanya kwa kumhurumia mwanawe. Nguo zile zilikuwa ushahidi. Zingewekwa bila kufuliwa ndani ya mfuko wa karatasi, si wa plastiki kwa kuwa plastiki hutunza unyevu na kuziozesha, zingefika kwa daktari zikiwa na la kusema.

Mjitoleaji anampigia afisa wa watoto wa kaunti ndogo. Afisa yuko mahakamani. Jumatano ni siku ya kesi, na ametakiwa kuwasilisha ripoti kuhusu ndugu watatu ambao wazazi wao wanagombania nani akae nao. Hawezi kutoka. Anatoa maelekezo kwa simu: mtoto apelekwe hospitali kwanza, kituo cha polisi baadaye, asirudishwe nyumbani kabla ya wao kuzungumza tena. Mjitoleaji anatafuta boda boda. Nauli anaitoa mfukoni mwake.

Yeyote aliyemwona mtoto akipandishwa boda boda na mtu asiye na sare, bila afisa wala gari la serikali, angesema afisa hakuja. Na ni kweli, hakuja siku ile.

Kilifi ina wakazi 1,453,787 kwa hesabu ya mwaka 2019, katika eneo la zaidi ya kilomita mraba 12,000, wadi 35. Katika kaunti ndogo nyingi hapa nchini ofisi ya watoto huwa na afisa mmoja au wawili. Malalamiko yanayojaza meza zao mara nyingi si yale yanayotangazwa redioni. Ni kutelekezwa: baba aliyehamia Mombasa akaacha kutuma pesa za chakula, mama aliyewaachia bibi kizee watoto wanne akaenda kutafuta kazi Ghuba. Juu ya hayo kuna kukagua makao ya watoto, kuandikia mahakama ripoti za ulezi, kushughulikia watoto waliopotea na waliookotwa, na kusimama na watoto wanaokabiliwa na makosa ya jinai. Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, iliyochukua nafasi ya ile ya 2001, ilipandisha umri wa kuwajibika kwa jinai hadi miaka 12. Mtoto wa miaka 10 aliyevunja duka hapelekwi kushtakiwa. Anapelekwa kwa afisa wa watoto.

Wakati wa ukame kazi huongezeka bila wafanyakazi kuongezeka. Kisima kikikauka Ganze au Magarini, watoto huonekana kwenye machimbo ya mawe, kwenye kazi za chumvi, wakichunga mifugo ya watu mbali na kwao, na wasichana hutafutiwa waume mapema ili mdomo mmoja upungue kwenye sufuria. Hakuna anayepiga simu kuripoti njaa kama ukatili. Huonekana baadaye, kwa sura nyingine.

Kumtoa au kumwacha

Turudi kwa msichana wetu. Ni saa kumi na mbili jioni. Amepimwa, daktari amejaza fomu ya huduma baada ya kubakwa, polisi wa Dawati la Jinsia wameandika taarifa kwenye OB na kutoa fomu ya P3, ambayo haina malipo. Sasa linakuja swali gumu kuliko yote ya siku hiyo: atalala wapi?

Nyumbani hawezi, kwa sababu anayetuhumiwa anaishi boma hilo na hajakamatwa. Jibu la haraka la wengi ni, apelekwe makao ya watoto. Mtazamo huo una historia. Kwa miaka mingi Kenya ilizoea kuona makao kama dawa ya kila shida ya mtoto. Lakini tangu mwaka 2017 serikali ilisimamisha usajili wa makao mapya, na mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 unataka watoto walelewe ndani ya familia kadiri inavyowezekana. Sababu si uhaba wa pesa peke yake. Mtoto aliyekaa miaka makaoni hupoteza ukoo, lugha ya nyumbani, haki yake katika shamba la familia, na watu wa kumwita mjomba. Akifika miaka 18 hutoka langoni na begi moja. Kuna makao yaliyoendeshwa vizuri, na kuna mengine ambamo watoto walipatwa na yaleyale waliyokimbia.

Kwa hivyo afisa hutafuta jamaa kwanza: shangazi, nyanya wa upande wa mama, mjomba aliyeoa na mwenye nyumba ya kutosha. Sheria inatambua malezi ya jamaa, malezi ya kambo, ulezi wa kisheria, na kwa Waislamu inatambua pia kafala. Ila jamaa naye hachukuliwi hivihivi. Lazima afisa ajue kama ndani ya nyumba hiyo kuna mlevi, kama kuna mtu aliyewahi kulalamikiwa, kama mwenyeji anamtaka mtoto kwa mapenzi au anatafuta mfanyakazi wa ndani asiyelipwa, na kama nyumba hiyo iko mbali vya kutosha na yule anayetuhumiwa. Maswali hayo hayajibiwi kwa simu saa moja usiku. Kwa usiku huo mtoto huenda akalazwa hospitalini, si kwa kuwa anaumwa, bali kwa kuwa wodi ina mlango na muuguzi.

Hapa ndipo afisa hukabiliwa na makosa mawili, na hana njia ya kuyakwepa yote kwa uhakika. Akimwacha mtoto ambaye angepaswa kumtoa, mtoto anaweza kuumizwa tena, hata kufa, na jina la afisa litatajwa kwenye kila kituo cha redio cha Pwani. Akimtoa mtoto ambaye angepaswa kumwacha, amemvunjia familia kwa sababu ya uvumi wa jirani aliyegombana na mama kuhusu mpaka wa shamba. Hilo la pili halitangazwi redioni, lakini mtoto hulikumbuka maisha yake yote. Katiba, Kifungu cha 53, inasema maslahi ya mtoto ndiyo ya kwanza katika kila jambo linalomhusu. Haikusema, wala haingeweza kusema, maslahi ya mtoto huyu ni yapi Jumatano hii jioni.

Wakazi wengine humlaumu afisa kwa kumtoa mtoto badala ya kumtoa mkosaji. Lawama hiyo ina uzito. Mtoto ndiye anayehama, anayebadilisha shule, anayelala kitanda kigeni, huku aliyemkosea akinywa mnazi wake chini ya mwembe uleule. Njia ya kulirekebisha ni kukamatwa kwa mtuhumiwa, na afisa wa watoto hana pingu. Anategemea polisi; polisi nao wanategemea taarifa iliyoandikwa na shahidi aliyekubali kuitia sahihi.

Kikao cha chini ya mwembe

Wiki ya pili, faili ikiwa mezani, ukoo unaketi. Wazee wanaitwa. Familia ya mtuhumiwa inakubali kosa kwa lugha ya kuzungukazunguka, inaleta mbuzi, inaahidi pesa. Mama wa mtoto anaambiwa kwamba akiendelea na polisi atawafunga watu wa nyumba yake mwenyewe. Mwisho wa kikao inaonekana amani imerudi. Asubuhi mama anafika kituoni kusema ameamua kuiondoa kesi.

Ni rahisi kumhukumu mama huyo. Lakini tazama hali yake: nyumba anayolala ni ya ukoo wa mumewe, shamba ni la ukoo, na huenda mtuhumiwa ndiye anayelipa karo ya kifungua mimba wake. Wakimfukuza hana pa kwenda na watoto watano. Anachokifanya ni hesabu, na hesabu yenyewe inamuumiza.

Sheria hata hivyo haimpi yeye uamuzi huo, na ni vyema kila mkazi ajue. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Makosa ya Kingono ya mwaka 2006 kinasema kwamba uamuzi wa kusitisha uchunguzi au mashtaka ya kosa la kingono haumo mikononi mwa familia, wazee, chifu wala kituo cha polisi. Leo mamlaka hayo yako kwa Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Kumnajisi mtoto wa miaka 12 hadi 15 kuna adhabu ya kifungo kisichopungua miaka 20. Aliye na miaka 11 au chini, kifungo cha maisha. Mbuzi haimo katika orodha hiyo.

Hayo ndiyo yaliyoandikwa. Yanayotendeka ni kwamba kesi isiyoondolewa kisheria hunyongwa kimyakimya. Mtoto hupelekwa kwa shangazi Mombasa au Taveta, simu za mama hazipatikani, shahidi wa pekee anasema hakuona vizuri. Siku ya kesi mwendesha mashtaka anasimama peke yake. Hakimu anaahirisha mara ya kwanza, ya pili, na hatimaye faili inafungwa kwa kukosa ushahidi. Mtu anarudi kijijini akisema mahakama imemsafisha. Mwezi ule wakazi husema tena, si tuliwaambia kuripoti hakuna maana?

Wazee wenye busara, nao wapo wengi, wanaweza kuligeuza jambo hili kuliko semina yoyote. Mzee akikataa kuketi katika kikao cha aina hiyo, akasema hapa kuna kosa la serikali na sisi hatulipimi kwa mbuzi, kikao hicho hakiendelei. Kazi yao ya upatanishi inabaki palepale kwa mipaka ya mashamba, mifugo na ugomvi wa wanandoa.

Umri, daktari na neno la mtoto

Kesi zinazofika mahakamani huangukia mahali ambapo mkazi wa kawaida hangedhani. La kwanza ni umri. Kwa kuwa adhabu hutegemea umri wa mtoto, lazima umri uthibitishwe, na watoto wengi wa mashambani hawana cheti cha kuzaliwa. Kadi ya kliniki ya mama na mtoto, ile ya zahanati iliyochakaa, inaweza kusaidia. Isipokuwepo, mtoto hupelekwa hospitali akakadiriwe umri kwa meno na mifupa, jambo linaloongeza safari na tarehe. Mzazi anayechukua cheti cha kuzaliwa mapema humwekea mtoto wake kinga asiyoijua.

La pili ni daktari. Aliyejaza P3 ndiye anayetarajiwa kueleza mahakamani alichokiona. Baada ya miaka miwili huenda amehamishwa, amekwenda kusoma, au ameacha kazi. Kumpata, kumgharamia nauli kutoka kaunti nyingine, na kupata siku ambayo yeye, hakimu, wakili na mtoto wote wapo, ni kazi ya wiki kadhaa kwa shahidi mmoja.

La tatu ni dhana iliyoenea kwamba bila shahidi aliyeshuhudia hakuna kesi. Si kweli. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 124, inaruhusu mahakama kumtia mtu hatiani katika kosa la kingono kwa ushahidi wa mtoto peke yake, ikiwa hakimu ameridhika kwamba mtoto anasema kweli na akaandika sababu zake. Mtoto anaweza pia kutoa ushahidi bila kumtazama mtuhumiwa, au kusemewa na mtu anayemwamini, mahakama ikiridhia. Kwa hiyo jinsi mtoto anavyohojiwa tangu siku ya kwanza ni jambo kubwa. Akiulizwa na mama, kisha mwalimu, kisha mzee wa kijiji, kisha chifu, kisha polisi, kila mmoja kwa maneno yake, hadithi huanza kubadilika, si kwa sababu anadanganya bali kwa sababu amechoka na anajaribu kumridhisha kila anayeuliza. Wakili wa utetezi huisubiri tofauti hiyo. Anayepokea habari kwa mtoto amsikilize, amwambie amefanya vyema kusema, asimhoji kama askari.

Wanaobeba habari hizi

Mjitoleaji wa ulinzi wa watoto halipwi mshahara. Anaishi kijiji kilekile, anachota maji kisima kilekile, watoto wake wanasoma na watoto wa mtuhumiwa. Akipiga simu leo, kesho dukani hapewi mkopo wa unga. Wapo waliotishwa kwa maneno na wapo waliokuta mimea yao imekatwa. Kaunti haina njia ya kumwekea kila mmoja mlinzi. Kinachomlinda zaidi ni kwamba jina la anayeripoti halitajwi, na hilo huvunjika mara nyingi kwa mdomo wa mtu aliyetaka tu kuonekana anajua.

Afisa naye ana mzigo wa aina yake. Kwa wiki moja anaweza kusikia mambo ambayo mtu mwingine hayasikii kwa miaka, kisha akarudi nyumbani kuwapikia watoto wake. Wengine huanza kukosa usingizi. Wengine hukazana hadi kuwa kama jiwe, na mkazi akifika ofisini humwona afisa mkali asiye na huruma. Wengine huwaogopea watoto wao kupita kiasi, hawawaachi hata kwa jirani. Madaktari huita hali hii kiwewe kinachotokana na kusikia viwewe vya wengine. Dawa yake inajulikana: kuzungumza na mshauri nasaha kwa vipindi vya kawaida, kupumzika, kugawana kesi. Ofisi yenye afisa mmoja haiwezi kugawana.

Zaidi ya hayo hawezi kujitetea. Uvumi ukisema ofisi imekula pesa ikaachilia kesi, afisa hawezi kusimama barazani kueleza kwamba mtoto yuko salama kwa mjomba wake Rabai na kesi inasikizwa mwezi ujao. Sheria inalinda siri ya mtoto, na kila sentensi ya kujitetea ingemfichua. Kwa hiyo hunyamaza. Mkazi anayetaka kujua kama ripoti yake ilifanyiwa kazi anaweza kuuliza, na ataambiwa kama faili imefunguliwa. Hataambiwa mtoto yuko wapi wala alisema nini.

Haimaanishi kila ukimya ni wa heri. Afisa asiyepokea simu, polisi anayedai pesa ya mafuta kabla ya kwenda, daktari anayeuza fomu, wote wanapaswa kulalamikiwa, kwa mkuu wao na kwa Tume ya Haki za Utawala, ambayo ina jukumu la kupokea malalamiko dhidi ya watumishi wa umma.

Yaliyoonekana Shakahola

Kaunti hii ina sababu yake ya kutolichukulia jambo hili kijuujuu. Kuanzia Aprili 2023, katika msitu wa Shakahola, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, na watoto walikuwa wengi miongoni mwao. Walionusurika walihitaji chakula cha uangalifu, matibabu, mahali pa kulala na jamaa wa kuwapokea, na wengine jamaa zao walikuwa ndio waliowapeleka. Kazi hiyo haikwisha wakati kamera zilipoondoka.

Kabla ya makaburi kulikuwa na mambo madogo: watoto waliotolewa shuleni, familia zilizouza vitu na kuhama, watoto wasiopelekwa hospitali. Hakuna hata moja kati ya hayo ambalo peke yake lingemfanya jirani apige simu usiku. Afisa wa watoto huhitaji hasa habari za aina hiyo, ndogo na za mapema, kwa kuwa bado zina nafasi ya kutembelea, kuuliza na kushauri bila kumtoa mtoto yeyote popote.

Unapopiga simu

Nambari ya simu ya watoto nchini ni 116. Haina malipo na hupokelewa usiku na mchana. Kwa dhuluma za kijinsia ipo pia 1195, nayo ya bure. Polisi ni 999 au 112. Asiye na simu aende kwa mwalimu, kituo cha afya, chifu au ofisi ya watoto ya kaunti ndogo. Mtoto mwenyewe pia anaweza kupiga.

Simu inayosema "kuna mtoto anateswa huku kwetu" huleta maswali kumi. Ile inayofaa husema kijiji na alama ya karibu, kama shule, msikiti, kanisa au kituo cha matatu. Umri wa mtoto kwa kukadiria. Kilichoonekana au kusikika na lini, ikitofautishwa na kilichosimuliwa. Kama mtoto ameumia sasa hivi. Na kama mtu anayehofiwa yuko nyumbani au ametoka. Jina la mpigaji si lazima. Ikiwa ni kosa la kingono, mtoto apelekwe hospitali kabla ya jambo jingine lolote, na nguo zake zisifuliwe. Na kama mtoto amehamishwa usiku, mpigaji aseme alielekea wapi na kwa gari gani, kwa kuwa afisa ataanzia hapo.